Namba ya likelemba

Bukavu, Kadutu

Mwanangu mpenzi,

Huku tuko wazima. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zimepatikana vizuri wiki hii, baba yako anakohoa kidogo tu. Salamu za jirani nitakuletea siku nyingine, kuna jambo limeninyima usingizi.

Unajua kaye (daftari) ya likelemba, kile chama chetu cha kuchangiana pesa, naishika mimi. Mwezi jana jumla ilifika faranga 360 360. Tulikuwa 15, nikagawa: 24 024 kila mtu, bila baki. Kabla pesa haijatoka, mmoja akajitoa. Kwa 14 ikawa 25 740. Mwingine akahamia Uvira. Kwa 13, 27 720. Tena bila baki! (Faranga ndogo hivyo hazionekani sokoni, najua, lakini karatasi haijali.) Wenzangu wakasema nimeroga hesabu. Nikateremka 12, 11, 10 mpaka 1, zote zikaingia. 16 ndiyo iliyokataa, ikaacha 8.

Nikaivunja: 2 mara tatu, 3 mara mbili, kisha 5, 7, 11 na 13, moja moja. Kumbe kila namba toka 1 hadi 15 imejengwa kwa matofali hayo. 16 inadai 2 nne, na humo zimo tatu tu. Hakuna namba ndogo kuliko hii inayowatosheleza wote kumi na watano. Vigawo vyake vyote ni 192, nimevihesabu. Na 7, 11 na 13 ukizizidisha unapata 1001, matofali yaliyobaki yanatoa 360, ndiyo maana 360 imejiandika mara mbili.

Hapo kichwa kikanivimba. Nikamkumbuka yule Euclid, Mgiriki wa kale wa hesabu, uliyetusimulia wakati wa likizo, nikaongeza 1. Gawa 360 361 kwa yoyote toka 2 hadi 15, inabaki 1 tu. Nikamtangazia baba yako kwamba nimepata namba tasa, ile isiyogawika ila kwa 1 na yenyewe. Akaniuliza, hata kikombe hajatua: «Umejaribu 17?»

Nilikasirika. Lakini umeme ulikuwa umekatika, nikawasha taa, nikaanza: 17, 19, 23, 29... Siku tatu, kila nikitoka sokoni. Tasa kumi na saba zilikataa, ya mwisho 83. Kisha 89 ikaingia kama ufunguo: 89 mara 4 049. Tasa gani hiyo yenye watoto wawili! Baba yako bado anacheka. Nilimsikia Euclid vibaya: hakuahidi kwamba jibu litakuwa tasa, alisema tu kwamba tasa zitakazolijenga zitakuwa ngeni kwa zile ulizoanza nazo. Na kweli, 89 haimo kati ya zile sita.

Sasa niko kwenye jirani wa upande wa pili, 360 359, nione kama yenyewe ni tasa. 17 imeacha 10, 19 imeacha 5. Hatuna haja ya kupita 600, maana 600 mara 600 ni 360 000, na 601 mara yenyewe inavuka: ikigawika, mmoja wa watoto wake wawili hatazidi 600. Wewe huko Lubumbashi anzia 599 ukishuka, mimi napanda, tukutane katikati. Na usitumie simu kugawa, nitajua.

Mama yako