Mzinga wa Fort Jesus na Mrithi wa Mwisho wa Krupp

Mpendwa Salim,

Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na jamaa wote. Sisi huku hatujambo. Unakumbuka tuliposimama Fort Jesus mbele ya mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915, ukaniuliza Krupp walioutengeneza ni watu gani, nami nikakosa jibu? Tangu siku ile nimesoma habari zao: walikuwa ukoo wa Kijerumani wenye viwanda vya chuma na silaha, na aliyenishughulisha kuliko wote ni Alfried Krupp.

Alizaliwa Essen, mji wa Ujerumani, mwaka 1907 na kulelewa Villa Hügel, nyumba ya ukoo yenye vyumba 269, ambayo kwa kweli ni mtaa mzima chini ya paa moja. Mwaka 1936 alipata medali ya shaba ya Olimpiki katika mashindano ya mashua za matanga. Mwaka 1943 Hitler alitoa amri kwa ajili ya familia hiyo peke yake, ili kampuni irithiwe na mtu mmoja bila kugawanywa, na mama yake, Bertha, akamkabidhi kila kitu. Wakati huo viwandani mwao walitumikishwa kwa nguvu maelfu ya watu waliotolewa katika nchi zilizovamiwa, pamoja na wafungwa wa kambi za mateso, wakiwemo wanawake wa Kiyahudi wapatao 500 walioletwa Essen mwaka 1944.

Julai 1948 mahakama ya Kimarekani huko Nuremberg ilimhukumu kifungo cha miaka 12 na kunyang'anywa mali yake yote. Haikufika hata miaka mitatu: Februari 1951 John McCloy, mwakilishi mkuu wa Marekani nchini Ujerumani, alimfungulia, na mali akarudishiwa. Nakiri kwamba hapo nilikifunga kitabu, nikatoka nje kupunga upepo. Fidia kwa Wayahudi walionusurika aliikubali mwaka 1959 tu, tena isiyozidi marki 5,000 kwa kila mmoja.

Mwanawe wa pekee, Arndt, aliukana urithi mwaka 1966 kwa kuahidiwa posho nono ya kila mwaka, na kwa kuwa jina la Krupp lilichukuliwa na mwenye kampuni peke yake, Alfried alipofariki Julai 1967 likakosa wa kulibeba, mali ikaingia katika wakfu.

Ukija Desemba tutarudi pale ngomeni, na safari hii sitakosa jibu.

Rafiki yako,
Hamisi