Jamani, leteni maoni ya filamu

Hamjambo wapenzi wa filamu. Nimepitia maoni yenu yote ya wiki hii, hata zile sauti ndefu za usiku wa manane. Shukran sana.

Filamu ya Vuta N'Kuvute ndiyo iliyowasha moto. Kwangu mimi, kazi hii ya mwongozaji Amil Shivji ya 2021 yastahili kuangaliwa mara mbili. Tazameni vile vichochoro vya Unguja usiku. Mtu wa Mji wa Kale hapa Mombasa atajiona yuko kwao. Na Yasmin, aliyeozwa mume asiyemtaka, uso wake husema kabla mdomo haujafunguka. Waliosoma riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu hii wanalalamika mengi yameachwa. Ni kweli, lakini filamu moja haibebi kitabu kizima, na walichochagua kimenigusa.

Supa Modo ya 2018 hakuna aliyeitaja! Wenye watoto, itazameni nao: msichana Jo ni mgonjwa mahututi, na kijiji kizima kinatengeneza filamu ili awe shujaa. Wekeni kitambaa cha machozi karibu.

Ombi langu: ukisema "mbaya" au "tamu", tuambie ni wapi hasa palipokuchosha au kukushika. Mwisho wa hadithi usiutoboe bila kuonya. Na tafadhali, nakala za wizi tusitumiane; waigizaji wetu wanakula kwa kazi hii.

Jumamosi baada ya alasiri tukutane ufukweni Mama Ngina, upande wa wauza mihogo. Atakayekuja aandike jina hapa chini.