Kesho hatukutani maktaba

Habari za asubuhi wapendwa, na poleni na theluji. Hapa kwangu Buffalo, jimbo la New York, imefika kwenye kitasa cha mlango, nimetoka kwa kusukuma na bega. Ziwa Erie bado halijaganda, basi upepo wa baridi ukipita juu yake unabeba unyevu na kuja kutumwagia sisi. Msithubutu kutoka na gari kesho, kila mtu afanyie zoezi letu la katuni za kompyuta nyumbani.

Zoezi ni lilelile la mpira unaodunda kwenye Blender, ile programu ya kutengenezea katuni: sekunde 2, fremu (yaani picha mojamoja) 24 kwa sekunde, jumla 48. Ukigusa chini ubonyee kidogo; ukifika juu kabisa upunguze mwendo kabla ya kuanza kushuka. Wiki iliyopita mipira yetu mingi, wangu ukiwemo, ilishuka kama lifti.

Umeme unaweza kukatika, kwa hiyo toeni kazi kama picha za PNG, fremu mojamoja, si video. Ukikatika fremu ya 31, unaendelea pale pale. Mimi nilitoa video nikapoteza kazi ya usiku mzima, nikalala nimenuna.

Atakayewasha gari kwa lolote afukue kwanza theluji kwenye ekzosi. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyo kwenye moshi wa gari ikirudi ndani inaua, na yenyewe haina harufu ya kukushtua.

Halafu yule mama yetu anayekaa peke yake, mlango wake bado umefukiwa. Nani ana beleshi na yuko karibu naye? Vijana wawili wanatosha. Chai ipo, kanisisitiza niwaambie.