Oktoba ikifika, tuchore jakaranda zetu

Ndugu Mhariri,

Vijana wengi wanaojifunza uchoraji siku hizi wanafuata zoezi la kuchora mti mmoja kila siku. Shida ni kwamba mti wenyewe hutoka kwenye simu: mti wa Ulaya au Marekani, wenye majani ya manjano na mekundu. Zoezi ni zuri na liendelee. Ninachopinga ni kunakili picha wakati jakaranda za Moshi na Arusha zimechanua juu ya vichwa vyetu.

Huko ughaibuni, siku zikianza kuwa fupi, klorofili ya jani huvunjika, kijani kikatoweka, na manjano iliyokuwa imefunikwa ikaonekana. Wekundu hutengenezwa upya siku hizo za mwisho. Mti uleule hubadilika ndani ya wiki chache, na faida ya kuuchora kila siku iko hapo: jicho halipati nafasi ya kukariri. Picha ya simu haibadiliki. Jakaranda inabadilika: matawi karibu matupu, halafu maua, halafu majani yanachomoza katikati ya maua huku chini kumetandikwa zambarau.

Tunatumia rangi ya maji, kwa hiyo karatasi iwe nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Shiti moja ya A4 ikatwe vipande vinne; shiti nane zinatoa vipande 32, mwezi unaisha. Manila ya kawaida hujikunja ikipata maji, rangi ikakusanyika mabondeni na kuacha madoa. Bandika kingo zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, na usiitoe mpaka kazi ikauke kabisa.

Muda mzuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mapema Oktoba jua la adhuhuri huku kwetu linasimama karibu utosini, kivuli kinaangukia chini ya mti wenyewe, na mti unaonekana bapa kama umebandikwa ukutani. Asubuhi upande mmoja una mwanga na mwingine una kivuli, nawe una dakika 20 hivi kabla vivuli havijasogea.

Dakika tatu za kwanza ni za penseli: shina, tawi kuu, na umbo la kila fungu la maua. Finya macho ili maua madogo yapotee yabaki mafungu. Kisha paka zambarau nyepesi yenye maji mengi, ukiruka matundu ambayo anga inapenya. Matundu hayo ndiyo yanayoupa mti hewa. Ukiyaziba unapata kitu kizito kisicho na matawi ndani. Subiri ikauke. Sasa weka zambarau nzito upande wa chini wa kila fungu, na mwisho kabisa matawi, yakikatika pale yanapopita nyuma ya maua.

Wanaoanza hugeuza mpangilio huu: wanachora matawi meusi kwanza, kisha maua juu yake. Rangi ya maji inapitisha mwanga, kwa hiyo tawi litaonekana tu, na brashi yenye maji itayeyusha rangi ya tawi, ichafue maua yote.

Kosa linaloniuma zaidi linatokana na boksi la rangi. Nyekundu iliyomo karibu kila mara inaelekea chungwa, yaani ina manjano ndani yake, na manjano huua zambarau. Mwanafunzi anachanganya na bluu, anapata tope, anadhani hana kipaji. Kumbe anahitaji majenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau, na bluu ya ultramarini. Majenta ikizidi kidogo unapata maua yaliyopigwa na jua. Bluu ikizidi, yaliyo kivulini. Ukitaka kivuli kilichofifia ongeza chembe ya manjano, kamwe si nyeusi.

Maua yaliyoanguka yachorwe kwa vitone pale yalipo karibu nawe tu. Kadiri yanavyokwenda mbali yawe mchirizi mmoja wa mlalo. Kivuli kwenye udongo mwekundu ni rangi ya udongo huohuo iliyotiwa bluu.

Mvua za vuli zikianza, rangi inachelewa kukauka, na anayeharakisha safu ya pili hufuta ya kwanza. Siku hizo chora safu moja tu, utosheke. Zambarau ikiisha, Desemba kuna mkrismasi na wekundu wake. Aliye Tanga au Dar es Salaam ana mkungu, ambao majani yake hugeuka mekundu kweli kabla ya kudondoka.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya stesheneri wa Arusha na Moshi: leteni tyubu za majenta na ultramarini za kuuza moja moja, na karatasi nzito kwa shiti, kabla ya Septemba. Mzazi asilazimike kununua boksi zima la rangi 12 ambalo rangi mbili anazozitaka mwanawe hazimo.

Mwalimu wa uchoraji,
Moshi