Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa: tuzifiche vipi picha za 2024 bila kuzipoteza?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea hapa Nairobi. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipita mbele ya jengo lako, pale ambapo nusu ya jiji huahidiana kukutana. Nilikuwa kati yao na kamera yangu. Nakuandikia kwa sababu picha za mwaka ule zinapotea, na zilizobaki zinaweza kuwaponza waliomo.

Wengi hudhani hakuna kilichopotea, maana kila mtu alikuwa na simu. Kweli, sijaona tukio lililopigwa picha na watu wengi kama lile la Juni 25, waandamanaji walipoingia Bungeni. Lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa, na taarifa zilizomo ndani ya faili, kama vile saa na mahali ilipopigwa, hufutika. Picha yangu moja ya Juni nilikuja kuiona ikisambazwa kuwa ya maandamano ya Nane Nane, yale ya Agosti 8. Hakimu atafanya nini na ushahidi kama huo? Simu nazo huibiwa, huuzwa. Na wapo waliofuta kila kitu kwa hofu.

Hofu yenyewe haikuzuka tu. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitaja visa 82 vya utekaji nyara tangu Juni. Ndiyo maana siwezi kukuachia diski mlangoni nikaenda zangu. Nina picha ya msichana aliyeketi ukingoni mwa barabara, bendera shingoni, mwenzake akimmiminia maji machoni baada ya gesi ya kutoa machozi. Ukiikuza, unasoma jina la chuo kwenye kitambulisho kinachoning'inia begini. Hakuna picha ninayoipenda kuliko hiyo, na sijaichapisha popote.

Nimeshauriwa nizifiche nyuso kwa ukungu, yaishe. Basi sikiliza. Mama mmoja alinipigia simu akiuliza kama mwanawe, aliyeuawa kwa risasi, yumo kwenye picha zangu. Alikuwemo, pembeni kabisa, nyuma ya watu niliowalenga, anacheka na mtu asiyeonekana. Ningekuwa nimeziharibu faili asilia, ningempa nini mama yule?

Wenzangu wengine wanasema serikali ndiyo ya mwisho kukabidhiwa picha hizi. Siwalaumu. Ila picha zikibaki kwenye diski zetu nyumbani, zitakufa nasi, na historia ya mwaka ule itakuwa ile tu ambayo wahariri waliichagua kwa ukurasa wa kwanza.

Ofisi yako inajua kusubiri. Kwa kawaida nyaraka za umma hufunguliwa zikishatimiza miaka 30. Naomba utaratibu wa namna hiyo kwa picha zinazoletwa na raia: faili asilia ipokelewe bila kuguswa, pamoja na maelezo yake, kisha itengenezwe nakala nyingine ya kuonyeshwa umma, yenye nyuso zilizofichwa. Asilia ifungwe hadi muda utimie au mwenye uso aridhie. Familia za waliouawa zisilazimike kusubiri. Wapewe nafasi ya kutafuta, wakiwa na mtu wa kukaa nao, kwa sababu hiyo si kazi ya kufanywa na mzazi peke yake mbele ya kompyuta. Polisi wakizitaka, waje na amri ya mahakama, na aliyezileta aarifiwe mapema ili aweze kuipinga. Hilo la mwisho sitalilegeza.

Najua bajeti ni finyu na kuhifadhi faili za dijitali ni gharama isiyoisha. Tuko tayari kukaa na maafisa wako kuandika maelezo ya picha, maana tuliokuwepo bado tunakumbuka nani alisimama wapi.

Naomba jibu la maandishi. Likiwa ni hapana, nijue mapema nitafute hifadhi kwingine. Diski hizi hazidumu milele.

Wako,
Mpiga picha wa kujitegemea, Nairobi