Kaka, usikiguse tena kile chuma cha chooni

Kaka yangu,

Mama hajambo, anakula, na jana kagombana na muuza samaki kama kawaida yake. Naandika huku kwa sababu kwenye grupu la wasap nikitaja tu neno choo unasoma unanyamaza, na simu ukipiga wanizungumzisha hati ya nyumba. Hati iko kwa mama, pale pale ilipokuwa tangu baba afariki, hakuna mtu kaigusa. Basi tuongee la chuma, kile cha ukutani chooni anachoshikia mama.

Siku moja kabla ya nikahi ya mwanao, wakwe hawajafika, uani pamejaa mashangazi na wapishi wanamenya vitunguu, wewe ukaomba spana kwa wafunga turubai ukaingia chooni. Ukatoka umelishika lile bomba mkononi ukasema kwa sauti, nyumba ya mama imegeuzwa wodi, wageni wakija watadhani tuna mgonjwa tunamficha. Mama alikuwa pale pale kwenye mkeka anachambua mchele. Akasema "haya kitoeni, msigombane, harusi ipite." Wewe ukasikia ruhusa. Mie nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nikaona vidole vimesimama kwenye ungo, havichambui tena, na uso kauinamisha.

Halafu hili hulijui, maana hakuna aliyekwambia. Kuanzia jioni ile mpaka wageni walipoondoka mama aliacha kunywa maji baada ya alasiri. Chai akipewa anashika kikombe kidogo kisha anamsogezea mjukuu. Nikimuuliza ananambia sina kiu. Tanga hii, mwezi wa pili, joto lile, hana kiu! Alikuwa anaogopa kuamka usiku kwenda uani. Mwanamke wa miaka 78 anajinyima maji ndani ya nyumba aliyoingia alipoolewa, asije akapapasa ukuta mtupu gizani. Siku uliyoondoka unaweka picha za harusi na mimi nasoma watu wanavyokupongeza, mie nilikuwa jikoni nakoroga ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, midomo imemkauka na kichwa kinamzunguka.

Hilo kaka sijalisamehe. Nimeliombea dua na bado likirudi linarudi lote.

Na nakupenda, wajua. Ada yangu ya sekondari ulilipa wewe na hukuwahi kunisimanga hata siku moja. Baba alipolazwa ulikuwa unapanda basi la usiku kila wikiendi. Mkono wako si mfupi, hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Ndo maana inaniuma ukimwambia wifi kwamba pesa ya marumaru niliila. Haikuliwa. Zile marumaru nyeupe za kung'aa ulizochagua zikiwa na maji na sabuni hata mimi zinaniangusha, na sakafu ya zamani ya niru ilikuwa hivyo hivyo, laini, ikilowa inateleza. Nikamwambia fundi akwangue niru yote amwage saruji na mchanga, halafu kabla haijakauka akaichana juu kwa ufagio mgumu, sasa mguu unashika. Haipendezi kwenye picha, sawa. Mama anatembea juu yake peku bila kushikwa mkono.

Pesa iliyobaki ndo hicho chuma ulichokitoa, na hakikuwa kazi ndogo. Ukuta wetu wajua ulivyo, miti na udongo halafu lipu juu. Fundi wa kwanza alipachika kwa skrubu na zile plastiki zake, nikakivuta kwa mkono mmoja kikaja na lipu yake, je angekuwa mama ndo amekiegemea? Tukatafuta mwingine, akatoboa ukuta mpaka upande wa pili, akaweka kipande cha bati nene kwa nje na kukaza nati huko, ndo maana ulihangaika nacho vile. Bomba la inchi moja na robo, kiganja chake kinalizunguka vizuri, na limeachana na ukuta kama sentimita nne, vidole vinapita lakini mkono hauwezi kunasa. Urefu tulimpima mwenyewe, kasimama wima mikono kaining'iniza, tukaweka alama usawa wa kifundo cha mkono. Kile hakikuwa chuma cha hospitali kaka, kilipimwa kwenye mwili wa mama yako.

Mengine uliyapita tu hukuyaona. Choo cha kuchuchumaa magoti yake hayakiwezi tena, hatukukivunja, mchomeleaji alitutengenezea kiti cha chuma chenye tundu katikati kinakaa juu yake, urefu sentimita 45, kopo la maji liko mkono wa kulia halihitaji kuinamia. Udhu anachukua amekaa, bomba la maji tumelishusha usawa wa magoti, maana pale kwenye kuinua mguu mmoja kuuosha mzee ni rahisi kwenda chini. Mlango wa choo sasa unafunguka kwa nje, mtu akianguka ndani huwezi kuusukuma mlango unaofungukia ndani bila kumuumiza. Kizingiti cha kutokea uani kilikuwa sentimita 10, tumeweka teremko la mita moja na ishirini, kipimo ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda unaipa kumi na mbili za urefu. Na korido yote ina taa ndogo za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita, umeme ukate usikate. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea kama theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa 20, sasa mama na 78 yake unamwachia balbu moja uani?

Kitanda tu ndo kakataa. Ile samadari ni ndefu, akikaa miguu haigusi chini, nikataka seremala akate miguu yake, akanambia nikifa mkate. Basi nikaacha. Tumemwekea daraja pana la mbao pembeni, limepigiliwa haliendi popote. Ni kitanda chake na ni uamuzi wake, na mimi niliukubali, na hapo ndo natofautiana na wewe.

Maana jibu lako kila siku ni ahamie Dar. Kaka, kwako Mbezi vyumba vyote vya kulala viko juu, ngazi za marumaru na huna hata reli upande mmoja. Atakaa kwenye kochi asubuhi mpaka jioni dada wa kazi anamletea chai. Hapa chai anachemsha mwenyewe. Barazani anajua nani kapita na nani hajapita, jirani asipomwona mpaka saa tatu anagonga mlango. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 wanakufa kwa kuanguka kila mwaka duniani, na wanaokufa zaidi ni waliovuka 60, kwa hiyo hofu yako naielewa, hata mimi nalala nayo. Lakini hofu ni ya sakafu na giza na ukuta usio na pa kushika, na hivyo vyote fundi anaviweza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo imesema matunzo ya wazee msingi wake ni familia. Familia ni sisi. Mie niko naye kila siku na sikudai chochote, sitaki nyumba, nataka akienda msalani usiku arudi.

Chuma kimerudi ukutani, nati ni zile zile, lipu imezibwa. Idd ukija utakikuta, kiache. Njoo na raba mpya za mkongojo, za sasa zimelika na yeye hatakuomba.

Kilichobaki ni baraza ya mbele. Ina sentimita 45 kutoka chini na kuna jiwe moja tu la kukanyaga. Teremko haliwezekani, lingekuwa la karibu mita tano na nusu lingeingia barabarani, kwa hiyo fundi kashauri ngazi tatu za sentimita 15 na reli pande zote mbili. Reli hizo zitaonekana na kila anayepita mtaani, nakwambia mapema. Anataka nondo na mifuko mitatu ya saruji. Kama utachangia piga simu ya mama, si yangu, umuulize yeye anataka reli ya rangi gani.

Wako,
Mdogo wako