Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaolea wazee Marekani: fikirieni cheti cha CMA (msaidizi wa kitabibu mwenye cheti)

Vijana wangu,

Poleni na zamu za usiku. Wengi wenu mliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania mmeanzia CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwa sababu mafunzo yake ni mafupi. Sheria ya shirikisho inadai saa 75 tu. Ni kazi ya heshima, ila mgongo unaonyanyua wagonjwa usiku kucha hauhimili miaka mingi. Naomba mfikirie usaidizi wa kitabibu, tena wenye cheti.

Msaidizi wa kitabibu yuko kliniki na daktari. Anapima presha, anatoa damu, anachoma sindano na chanjo, anapima mapigo ya moyo kwa ECG, anaingiza taarifa kwenye kompyuta, anafuatilia vibali vya bima. Kliniki nyingi hufunguliwa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na mzazi mwenye watoto wa shule anajua thamani ya hilo. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2023, mshahara wa kati ulikuwa dola 42,000 kwa mwaka, na wa CNA dola 38,200. Tofauti hiyo si ya kutajirisha mtu. Faida kubwa zaidi ni kwamba mtihani ni wa taifa: ukihama Ohio kwenda Texas, cheti unahama nacho. Majimbo mengi hayakilazimishi kisheria, lakini waajiri wengi wanakitaka, na jimbo la Washington lina usajili wake wa lazima.

Anayelenga unesi asipitie hapa akidhani masomo yatahesabiwa. Mara nyingi hayahesabiwi. Huyo aanze moja kwa moja na masomo ya awali ya unesi.

Sasa shule, maana hapa ndipo pesa za watu zinapokwenda na maji. Njia ya kawaida ya kufikia mtihani wa CMA wa AAMA, chama cha wasaidizi wa kitabibu Marekani, ni kuhitimu programu yenye ithibati ya CAAHEP au ABHES, taasisi zinazokagua programu za afya. Shule inaweza kuwa na ithibati, na programu yenyewe isiwe nayo. Tafuteni jina la programu kwenye orodha za taasisi hizo mbili kabla ya kusaini mkopo wowote. Anzeni na vyuo vya jamii, ambavyo kwa kawaida ni nafuu, na mjaze FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo: mkimbizi na mwenye kadi ya kijani wanaweza kupata Pell Grant, ruzuku ya serikali ambayo kwa kawaida hairudishwi. Kipo pia cheti cha CCMA cha usaidizi wa kitabibu, kinachotolewa na shirika jingine, NHA. Kinakubalika kwingi, ila huhuishwa kila miaka 2. Cha AAMA hudumu miezi 60.

Mafunzo kwa vitendo katika programu zenye ithibati ya CAAHEP hayapungui saa 160, mara nyingi bila malipo, kwa hiyo wekeni akiba mapema. Kabla ya kuyaanza, kwa kawaida mtadaiwa chanjo na kipimo cha kifua kikuu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa ratiba ya dozi 3 inachukua miezi 6. Msisubiri muhula wa mwisho. Na kwa kuwa wengi wenu mlichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuonyesha maambukizi yasiyokuwepo. Ombeni kile cha damu.

Darasani, zoeeni Fahrenheit, ratili na inchi hadi zitoke bila kufikiri. Mkanda wa presha uliobana mkono mnene unatoa namba ya juu isiyo ya kweli. Mpangilio wa vichupa vya damu shikeni kwa moyo: cha kifuniko cha zambarau kina EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, yenye potasiamu, na kikitangulia, tone tu likiingia kichupa kinachofuata linapandisha potasiamu na kushusha kalsiamu. Daktari atatibu ugonjwa ambao haupo.

Mtihani wa CMA una maswali 200 ya kuchagua, 180 yakihesabiwa, katika sehemu 4 za dakika 40. Hamjui yepi hayahesabiwi, basi jibuni yote.

Kazini mtaombwa kutafsiri kwa sababu ya Kiswahili chenu. Ukalimani wa kitabibu una viwango vyake. Ombeni mpimwe lugha kwanza, kisha muulize kama kuna nyongeza ya malipo.

La mwisho, jina kwenye maombi ya mtihani lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho. Majina ya wengi yaligeuzwa kwenye karatasi za ukimbizi. Yarekebisheni sasa, kabla ya kulipia mtihani.

Ni mimi, mzee wenu.